Argwings-Kodhek: Wakili wa kwanza Mwafrika na mitaa iliyohukumiwa bila kesi

KILA asubuhi vijana kutoka Kaloleni, Bahati, Jericho na Kayole hupanda matatu katika Barabara ya Jogoo kuelekea vyuoni. Miongoni mwao wamo wanaosomea taaluma ambayo wazazi wao hawakuwahi kuisikia walipokuwa shuleni, yaani elimu ya uhalifu na utoaji wa haki katika kesi za jinai.

Vyuo vikuu kadhaa nchini, vikiwemo Egerton na Masinde Muliro, hutoa shahada ya somo hilo. Mwanafunzi hufunzwa sababu za watu kuvunja sheria, namna upelelezi unavyofanywa, ushahidi upi hukubaliwa mahakamani na upi hukataliwa, na jinsi mfungwa anavyoweza kurekebishwa.

Hata hivyo, mwanafunzi anayetoka Eastlands huingia darasani akiwa tayari na swali ambalo hakulipata kitabuni. Ni nani huamua kwamba mtaa mzima ni wa wahalifu, na anayeishi humo ajitetee vipi?

Swali hilo lilimkabili mtu mmoja zaidi ya miaka 70 iliyopita, wakati ambapo mtaani Bahati na Pumwani hapakuwa na aliyewahi kumwona Mwafrika wa nchi hii akiwa amevaa joho la uwakili. Wakazi wa Nairobi hulitamka jina lake kila siku wakielekeza dereva wa teksi kuelekea hospitali za Hurlingham, ingawa wengi hawajui mwenye jina hilo alikuwa nani.

Marehemu Clement Michael George Argwings-Kodhek, aliyejulikana zaidi kwa herufi tatu za kwanza za majina yake, CMG, alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gem, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Siaya. Alipitia shule za wamishonari wa Kikatoliki, akasomea ualimu katika Chuo cha Makerere nchini Uganda, kisha akarejea nyumbani kufundisha.

Ualimu ndio uliokuwa upeo wa Mwafrika msomi katika siku hizo. Makerere, chuo cha pekee cha hadhi hiyo katika Afrika Mashariki, kilifundisha walimu, madaktari, wataalamu wa kilimo na wa mifugo. Sheria haikufundishwa. Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya, kwani mtawala alimhitaji Mwafrika wa kuponya ng'ombe na wa kufundisha hesabu, si wa kusimama mbele ya jaji na kuuliza ni kifungu gani kilichompa afisa wa wilaya mamlaka ya kumchapa mtu viboko.

Mnamo 1947, CMG alipata ufadhili wa kwenda Uingereza kusomea sayansi ya jamii katika chuo cha Cardiff, Wales. Somo hilo lilionekana kuwa salama. Serikali za wakati huo zilitumaini kwamba aliyehitimu angerudi kuwa afisa wa ustawi wa jamii, asimamie kumbi za mikutano na timu za kandanda katika mitaa ya Waafrika.

Si vigumu kuona jinsi somo hilo lilivyokaribiana na kile ambacho vijana wetu husoma leo chini ya jina la elimu ya uhalifu. Hata hivyo, CMG hakutosheka na kueleza kwa nini mtu maskini hufikishwa kortini. Alitaka kusimama kando yake akifika huko. Alijiunga na Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili jijini London, na mwaka wa 1951 akakubaliwa kuwa wakili.

Alirejea Kenya akiwa Mwafrika wa kwanza wa nchi hii kufuzu kwa taaluma hiyo. Serikali ilimpa nafasi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, lakini kwa mshahara ulio chini mno kuliko aliolipwa Mzungu mwenye sifa zizo hizo. Aliikataa kazi hiyo na kufungua ofisi yake mwenyewe.

Wengine walichagua njia tofauti. Charles Njonjo, aliyefuzu uwakili London miaka mitatu baadaye, alirejea 1955 na kuingia katika utumishi wa serikali, njia iliyomfikisha kwenye kiti cha Mwanasheria Mkuu nchi ilipopata uhuru. Mwandishi huyu hadai kwamba mmoja alikuwa shujaa na mwingine msaliti. Lakini aliyekuwa korokoroni mwaka wa 1954 alikuwa na mmoja tu wa kumwendea kati ya hao wawili.

Nyumbani pia mambo hayakuwa rahisi. CMG alikuwa ameoa mwanamke Mzungu, Mavis Tate. Nairobi ya wakati huo ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu waliishi magharibi na kaskazini, kulikokuwa na miti na hewa safi, Wahindi wakawa kati, nao Waafrika wakarundikwa mashariki, ng'ambo ya stesheni ya reli na viwanda. Katika mpango huo hapakuwa na mtaa uliotengewa ndoa ya namna yake.

Msomaji asiyeijua historia ya Eastlands huenda akadhani kwamba mitaa hiyo ilichipuka yenyewe. La, ilipangwa. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920 ili Waafrika waliotapakaa katika vijiji vya kando ya mji wakusanywe mahali pamoja. Zikafuata Kariokor na Shauri Moyo, na katika miaka ya 1940 Ziwani na Kaloleni, kisha Bahati. Chumba kilihesabiwa kuwa malazi ya mfanyakazi mwanamume aliyetarajiwa kurudi mashambani kazi ikiisha, wala si makao ya mtu na familia yake.

Mtaa uliojengwa kwa fikra hiyo ni rahisi kuulinda na ni rahisi kuuzingira. Hilo lilidhihirika baada ya Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari ili kuwakabili Mau Mau.

Ulimwengu uliitazama kesi ya Kapenguria, ambapo Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuliongoza kundi hilo. Kesi hiyo ilikuwa na mawakili mashuhuri. D.N. Pritt alitoka Uingereza, H.O. Davies alitoka Nigeria, na hapa nchini walikuwepo Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Waandishi wa habari wa mataifa mbalimbali walijazana huko.

Kesi ya kuli wa Pumwani aliyepatikana na risasi moja mfukoni haikumvuta mwandishi yeyote kutoka London. Nayo pia ilikuwa kesi ya kufa na kupona.

Hapa ndipo inafaa kueleza sheria ilivyobadilishwa, maana bila hivyo kazi ya CMG haieleweki. Kanuni za hali ya hatari ziliongeza idadi ya makosa yaliyoadhibiwa kwa kifo. Mtu hakuhitaji tena kuwa ameua ndipo anyongwe. Kumiliki bunduki au risasi bila kibali kulitosha. Kulisha kiapo cha Mau Mau kulitosha, na hata kupatikana ukiandamana na watu wenye silaha kulitosha.

Kuanzia 1953 mahakama maalumu ziliundwa ili kesi hizo zisikizwe haraka. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa nchini Kenya alikuwa na haki ya kuhukumiwa mbele ya baraza la wananchi wenzake, ambao uamuzi wao ulimfunga jaji. Mwafrika hakuwa na haki hiyo. Alikuwa na wazee wa baraza waliokaa kando ya jaji wakatoa maoni, na jaji alikuwa huru kuyapuuza.

Ushahidi mwingi ulitokana na maungamo ya mshtakiwa, yaliyopatikana wakati wa mchujo katika vituo ambako kipigo kilikuwa jambo la kawaida. Maneno yalitoka kwa Kikikuyu, yakapitia kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza, na kila hatua palikuwa na mkalimani ambaye kosa lake dogo lingeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi.

Mtetezi katika kesi kama hizo hakuwa na nafasi ya hotuba ndefu. Kazi yake ilikuwa kuyashika mambo madogo. Ni saa ngapi mshtakiwa alikamatwa, na ni saa ngapi alipofikishwa kituoni? Ni nani hasa aliyeiona hiyo risasi kwanza? Makovu yaliyo mgongoni yalitoka wapi? Mwanafunzi wa leo hufundishwa kuwa huo ndio msingi wa kuupima ushahidi. Wakati ule, majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyotenganisha uhai na mauti.

Wanahistoria wamehesabu kwamba Wakikuyu wapatao 3,000 walishtakiwa kwa makosa ya kunyongwa kati ya 1952 na 1958, na 1,090 kati yao wakanyongwa. Idadi hiyo huonyesha mambo mawili kwa pamoja. Maelfu walifikishwa mbele ya kamba, na wengi pia waliponea, wengine kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuliza maswali hayo madogo. CMG alikuwa mmoja wa waliouliza, na kazi hiyo ikampa jina la wakili wa Mau Mau, ambalo wapinzani wake walilitamka kama tusi.

Alikuwa Mjaluo akiwatetea watu waliokuwa karibu wote Wakikuyu. Siasa za nchi hii zimetuzoesha kulitazama jambo hilo kwa mshangao, ingawa kwa wakati huo lilikuwa na manufaa ya wazi. Kanuni zilizozuia Wakikuyu, Waembu na Wameru kusafiri na kukusanyika hazikuwalenga watu wa kabila lake. Aliweza kupita mahali ambapo mwenzake angegeuzwa njiani.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo hata yeye hangeweza kupita, na pengine hilo ndilo lililo zito kuliko yote katika maisha yake ya uwakili.

Alfajiri ya Jumamosi, Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 chini ya Jenerali George Erskine waliuzingira mji wa Nairobi. Barabara zote zilifungwa. Mitaa ya Eastlands iligawanywa vipande vipande na kupekuliwa nyumba baada ya nyumba, watu wakatolewa nje na kuketishwa chini katika viwanja. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil.

Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho. Aliyefunikwa akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alipakiwa kwenye lori kuelekea Lang'ata, na kutoka huko akapelekwa kwa gari moshi hadi kambi za Manyani na Mackinnon Road. Shughuli hiyo iliendelea kwa takriban mwezi mmoja na zaidi ya watu 20,000 wakazuiliwa. Wanawake na watoto wengi walirejeshwa mashambani. Baadhi ya mitaa ilizungushiwa seng'enge.

Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyehitaji kufikishwa mahakamani. Hati ya kumzuilia mtu ilitiwa sahihi ofisini, haikutaja ushahidi, na haikuwa na tarehe ya mwisho. Shahidi hakuwa na jina wala uso, hivyo hapakuwa na wa kuhojiwa. Wakili aliyesoma miaka yote hiyo ili ajue namna ya kumhoji shahidi alikuta shahidi ni gunia.

Kwa hesabu hiyo, mahakama zilizowanyonga watu zaidi ya 1,000 zilikuwa, kwa namna ya ajabu, ndiyo sehemu ya mfumo huo iliyokuwa na nafuu. Huko angalau kulikuwa na shtaka lililoandikwa na jaji aliyelazimika kutoa sababu. Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, watu walihukumiwa kwa anwani na kabila.

Huenda hilo ndilo lililomsukuma CMG kuingia katika siasa. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka wa 1953. Serikali ilipokubali mwaka wa 1955 kwamba Waafrika waunde vyama tena, iliweka sharti kwamba viwe vya wilaya pekee, na Mkoa wa Kati haukuruhusiwa hata hicho. CMG alitaka chama cha kitaifa lakini akanyimwa usajili. Alilazimika kupunguza jina na mipaka, na mwaka wa 1956 chama cha Nairobi District African Congress kikasajiliwa.

Wanachama na wasikilizaji wake walikuwa wakazi wa Eastlands, kwa sababu huko ndiko Mwafrika wa Nairobi alikokaa. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa umegeuka kuwa bunge la watu wasio na bunge. Karani wa reli na mfanyakazi wa manispaa waliketi katika benchi moja, na aliyepanda jukwaani alijua kwamba baina ya wasikilizaji wake kuna jasusi anayeandika kila neno.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957, kukiwa na viti vinane kwa nchi nzima. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, mapato na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji cheti cha kuthibitisha uaminifu wao kwa serikali. Hivyo wale aliowatetea CMG, pamoja na jamaa zao, kwa sehemu kubwa hawakuwepo kituoni siku ya kumpigia kura. Walikuwa Manyani, au mashambani, au makaburini.

Mpinzani wake mkuu katika kiti cha Nairobi alikuwa kijana wa miaka 26, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi ambaye alikuwa amerejea majuzi tu kutoka Chuo cha Ruskin, Oxford. Mboya alikuwa na mtandao wa wafanyakazi uliopangwa vizuri, ulimi mwepesi na nguvu zisizochoka. Alishinda kwa takriban kura 400.

Mtu huweza kujiuliza mshindi angekuwa nani kama Bahati isingekuwa imepunguziwa watu. Jibu halipo, na si haki kumwondolea Mboya ushindi wake kwa kukisia. Ila ni kweli kwamba orodha ya wapiga kura wa Eastlands mwaka wa 1957 ilichujwa na Operesheni Anvil kabla ya karatasi ya kwanza kutumbukizwa sandukuni. Uhasama wa wawili hao uliendelea, na mwaka uo huo Mboya akaunda chama chake, Nairobi People's Convention Party, kilichokipiku kile cha CMG katika mitaa.

Baada ya hapo nyota ya wakili huyo ilihamia nyumbani kwao. Alichaguliwa mbunge wa Gem mwaka wa 1963 na kutumikia katika serikali ya Kenyatta. Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais mwaka wa 1966 na kuongoza chama cha KPU, wengi wa Nyanza walimfuata. CMG alibaki KANU, na hatimaye akawa waziri aliyesimamia mambo ya nje.

Hapa hadithi yake inakuwa na kona ambayo wanaomsifu huipita haraka. Mwaka huohuo wa 1966 Katiba ilifanyiwa marekebisho na sheria ya usalama wa umma ikapewa nguvu upya, hata serikali ya nchi huru ikawa na mamlaka ya kumzuilia mtu bila kumfungulia mashtaka. Wafuasi wa KPU walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonja makali yake.

CMG alikuwa upande wa serikali iliyopitisha hayo. Hakuna aliyeifahamu hati ya aina hiyo kumshinda yeye, kwani alikuwa ameiona ikifanya kazi Nairobi miaka 12 kabla. Labda aliamini kwamba mikononi mwa Waafrika ingetumika kwa busara, labda alihesabu kwamba aliye ndani ya baraza husikika zaidi kuliko aliye nje. Vyovyote iwavyo, mwanafunzi wa sheria za jinai anayesoma maisha yake hana budi kuusoma ukurasa huo pia.

Usiku wa Januari 29, 1969, CMG alifariki katika barabara ya Hurlingham, gari lake lilipohusika katika kile ambacho kilitangazwa kuwa ajali. Alikuwa na umri wa miaka 46 hivi. Wapo waliosema tangu siku hizo kwamba haikuwa ajali, na wapo wanaosema hivyo hadi leo.

Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kudai ushahidi uletwe mbele ya jaji na kuhojiwa, kifo hicho kimebaki katika uvumi. Miezi michache baadaye, uchaguzi mdogo wa Gem ulifanyika na KPU ikaibwaga KANU. Julai 5 mwaka huo Mboya, mshindani wake wa Nairobi, alipigwa risasi mchana peupe katikati ya jiji. Oktoba, viongozi wa KPU walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi, chini ya sheria ileile.

Barabara alikofia ilipewa jina lake. Ipo upande wa magharibi wa Nairobi, katika eneo ambalo sheria za kikoloni zilikuwa zimewatengea Wazungu alipokuwa kijana. Huko Eastlands, Barabara ya Doonholm ikawa ya Jogoo, na kando yake leo zipo Mahakama za Makadara, ambako vijana wa mitaa hiyo hufikishwa kila wiki wakitoka seli. Katiba ya 2010 inataka mshukiwa aletwe mbele ya mahakama ndani ya saa 24, na apewe wakili kwa gharama ya serikali iwapo kumkosa kutamtendea dhuluma kubwa. Sheria ya msaada wa kisheria ilifuata mwaka wa 2016, ingawa anayeketi katika benchi za Makadara asubuhi ya Jumatatu ataona bado ni wengi wanaojibu mashtaka wakiwa peke yao.

CMG alisafiri hadi ng'ambo kwa sababu hapakuwa na chuo Afrika Mashariki ambacho kingemfundisha alichotaka. Dar es Salaam ilianza kufundisha sheria mwaka wa 1961. Nairobi ilifungua kitivo chake mwaka wa 1970, mwaka mmoja baada ya mazishi yake.